Usiing'oe haidroliki ya VX kabla hujaipima

Swali la msomaji: Fundi, shikamoo. Nina Land Cruiser 100 VX ya mwaka 2000, petroli V8, ililetwa kutoka Japani ikiwa na ule mfumo wa kupanda na kushuka kwa kitufe. Miezi ya karibuni limekuwa gumu sana, kila shimo nalisikia mgongoni. Nikibonyeza lipande H, linapanda kwa shida au linagoma kabisa, na taa ya OFF inamulika. Nikizima na kuwasha upya, linatulia siku mbili tatu kisha linarudia. Fundi wangu hapa Iringa anasema pampu imekufa, na ananishauri nitoe mfumo wote nifunge springi na shokapu za kawaida. Nifanyeje?

Marahaba, na pole kwa mgongo. Kwa dalili ulizoandika, pampu ningeishuku mwisho kabisa. Inawezekana kweli imechoka, lakini pampu ya mfumo huu mara nyingi inakufa kwa sababu kuna kitu kingine kimeibebesha kazi isiyo yake. Ukifunga mpya bila kukiondoa kitu hicho, nayo utaizika. Kuhusu kung'oa mfumo mzima nitafika huko chini, ila kwa sasa mwambie fundi wako aweke spana pembeni.

Mfumo huo Toyota wanauita AHC (Active Height Control, yaani udhibiti wa kimo), na kitufe chake kina hatua tatu: L ni chini, N ni kimo cha kawaida, H ni juu. Uliingia kwenye Land Cruiser 100 mwaka 1998, pamoja na ndugu yake Lexus LX470. Watu wengi, na mafundi wakiwamo, wanadhani gari lenye AHC limebebwa na mafuta matupu. Sivyo. Mbele kuna tosheni ba mbili, vile vyuma virefu vilivyolala chini sambamba na chesisi, ambavyo vinabeba gari kwa kujipinda. Nyuma kuna koili springi kama za gari lingine lolote. Chuma kinabeba sehemu yake ya uzito, mafuta yanabeba iliyobaki. Wafikirie wachukuzi wawili wenye gunia moja: mmoja akilegea, uzito unamhamia mwenzake, na kwa kuwa mwenzake anajikaza gunia libaki palepale, anayewatazama kwa mbali hajui kama kuna anayeumia.

Hilo ndilo ninaloshuku kwenye gari lako. Springi za mwaka 2000 zimebeba uzito huo kwa zaidi ya miaka ishirini. Zimechoka. Kwenye gari la kawaida ungeliona limelala, ungenunua springi nyingine na mambo yangeisha. Kwenye AHC hulioni limelala, kwa sababu kuna sensa za kupima kimo cha gari, na kompyuta ikiona limeshuka inaamuru pampu isukume mafuta zaidi mpaka kimo kirudi. Gari linasimama vizuri kama zamani, ila presha ndani ya mabomba imepanda kupita kiasi.

Sasa ugumu unatoka wapi? Zile nne zinazofanana na shokapu kwenye kila gurudumu si shokapu za kawaida. Ni silinda tu za mafuta. Kila moja imeunganishwa kwa bomba na tufe la chuma, na ndani ya tufe kuna utando wa mpira unaotenganisha gesi ya naitrojeni na mafuta. Gurudumu likipiga shimo, mafuta yanasukumwa kwenye tufe, gesi inabonyea, na wewe kwenye kiti unahisi ulaini. Presha ikiwa kubwa muda wote, gesi inakuwa imeshabonyezwa kabla hata hujafika kwenye shimo, haina tena nafasi ya kubonyea. Hapo ndipo VX inapogonga kama lori tupu. Na kupanda H ni kazi ngumu kuliko zote kwa pampu, maana kadiri gari linavyoinuka springi zinazidi kulegea na mafuta yanazidi kubeba. Presha ikifika kikomo ambacho kompyuta inakikubali, inakata na kumulika OFF. Umeona? Ugumu wako na kugoma kwako kupanda vinaweza kuwa ugonjwa mmoja.

Nimesema vinaweza. Tuhakikishe kwa kupima, na vingi kati ya vipimo hivi unaweza kuvifanya mwenyewe Jumamosi moja ukiwa na futi ya kupimia na mahali penye sakafu iliyonyooka.

Anza na macho. Fungua boneti utafute tangi dogo la plastiki la mafuta ya AHC, ambalo ubavuni lina mistari mingi midogo kama ya bomba la sindano. Gari likiwa N, injini inanguruma, soma kiwango. Angalia pia rangi. Mafuta haya yakiwa mapya ni mepesi na yana rangi hafifu. Yakiwa meusi au yana machicha chini, hayajawahi kubadilishwa tangu gari litoke Japani, na ni kweli kwa mashangingi mengi tunayoletewa. Kisha ingia chini na tochi, pitia kila silinda, kila tufe na kila kiungo cha bomba. Vumbi lililoganda na kulowa ndilo linalokuonyesha mahali pa kuvuja. Mabomba ya nyuma yachunguze zaidi, kwa kuwa huko ndiko tope linakorushwa na kutu inakoanzia.

Hapa nina onyo ambalo ningetamani kila gereji ibandike ukutani: kwenye tangi hilo hayaingii mafuta ya breki, hata tone. Mafuta ya breki yanaharibu mipira ya mfumo huu, na uharibifu hauonekani siku hiyo. Unaonekana wiki kadhaa baadaye silinda zikianza kuvuja moja baada ya nyingine. Yapo mafuta maalumu ya Toyota yaliyoandikwa AHC, na huuzwa kwa kopo la lita 2.5. Ukiambiwa "yote ni haidroliki tu", badili fundi.

Baada ya hapo pima kimo. Gari liwe tupu, matairi yana upepo sawasawa, injini inanguruma, kitufe kiko N. Pima kutoka katikati ya kapu la gurudumu kwenda juu wima mpaka ukingo wa bodi. Mbele inatakiwa iwe karibu milimita 500, nyuma karibu 520. Kipimo hiki kinatangulia vingine kwa sababu presha inategemea kimo. Kuna watu waliowahi kuzichezea sensa ili gari lionekane refu. Sensa ina mkono mdogo. Ukiuhamisha kidogo, kompyuta inadhani gari limelala na inaliinua. Gari linapendeza machoni, lakini umezilegeza springi na mzigo wote umeutupia mafuta. Kama ulilinunua mkononi mwa mtu, usidhani hakuna aliyefanya hivyo. Ukikuta mbele ni 540, umeshapata nusu ya jibu.

Kinachofuata ni matufe, na hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu hakina gharama. Shusha gari mpaka L, subiri taa itulie, soma mafuta yamefika mstari wa ngapi kwenye tangi. Pandisha mpaka N, kisha H, subiri, soma tena. Mafuta yatakuwa yamepungua, kwa kuwa mengine yameingia kwenye silinda na mengine yameingia kwenye matufe kuibonyeza gesi. Tofauti ya mistari ndiyo inayokueleza gesi iliyobaki. Matufe mazima yanatoa tofauti ya mistari 14 hivi. Ikiwa 10 au 11, umri umesogea lakini yanafanya kazi. Ikishuka mpaka 7, gesi imekwisha, na hata ufanye nini kingine gari litabaki gumu. Kwa kuwa lako linagoma kufika H, huenda usiweze kukikamilisha kipimo hiki leo. Usijali, rekebisha presha kwanza kisha ukirudie.

Kwa matufe yaliyokufa hakuna njia ya mkato. Hayana nozeli ya kujazia gesi, yanabadilishwa. Utauziwa matufe yaliyotolewa kwenye magari ya kuchinjwa, na bei yake itakuvutia. Mimi sikushauri. Gesi hupenya utando wa mpira polepole mwaka hadi mwaka, gari litembee au lisitembee, kwa hiyo tufe la umri wa gari lako ni tufe lenye ugonjwa wa gari lako. Kama fedha haitoshi kwa manne, nunua mawili, yafunge pamoja kwenye ekseli moja, mengine yafuate baadaye. Usichanganye jipya kushoto na la zamani kulia. Kwa wewe wa Iringa, unayeshuka mteremko wa Kitonga mara kwa mara, hilo si suala la starehe tu. Gurudumu moja likiwa laini na mwenzake gumu, gari linarukia upande kwenye kona.

Presha yenyewe inahitaji mashine. Kile kifaa kidogo cha bei rahisi cha kusoma injini mara nyingi hakiingii kwenye AHC. Tafuta fundi wa umeme mwenye programu ya Toyota, au mashine kubwa inayofungua kompyuta ya haidroliki. Mwambie akusomee presha ya mbele na ya nyuma gari likiwa N, tupu, na kimo ukiwa umeshakirekebisha. Mbele unataka takribani MPa 6.9 (MPa ni kipimo cha presha, moja ni sawa na bar 10). Nyuma iwe kati ya 5.6 na 6.7. Akiwa bado amechomeka mashine, asome na kodi zilizohifadhiwa, yaani namba za hitilafu, na akuandikie kabla hajazifuta. Kuna mafundi wanaofuta kwanza halafu ndiyo wanauliza. C1762 inasema presha ya mafuta si ya kawaida. C1711, C1712 na C1713 zinakupeleka kwenye sensa za kimo: ya mbele kulia, ya mbele kushoto na ya nyuma.

Tuseme mbele umekuta 8.1. Hapo tosheni ba zako zimechoka na mafuta yanabeba sehemu yao. Dawa yake haihitaji kipuri chochote. Nyuma ya kila tosheni ba, chini ya chesisi, kuna nati kubwa ya 30. Kuizungusha kwa kuikaza kunaipa chuma mpindo zaidi, nayo inapokea mzigo wake upya. Mzunguko mmoja kamili pande zote mbili unapunguza takribani MPa 0.2, kwa hiyo kutoka 8.1 kwenda 6.9 ni mizunguko kama sita. Nati hizo hazijaguswa kwa miaka. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, weka alama ya chaki mahali zilipo, inua mbele ya gari ili chuma kisiwe na mzigo, kisha zungusha kulia na kushoto sawasawa. Ukimaliza shusha gari, washa, lipeleke L, N, H na kurudi N, halafu soma presha upya.

Fundi wako atashangaa kuona amekaza mizunguko yote hiyo na gari halijapanda. Amezoea Land Cruiser za kawaida, ambako ukikaza tosheni ba pua inainuka. Hapa kimo kinaamuliwa na sensa. Ulichobadilisha ni nani anabeba nini. Wengi huishia hapo wakisema "haifanyi kazi" na kurudisha nati zilipokuwa, kumbe walikuwa wameshaliponya gari bila kujua. Kama nati imefika mwisho na presha bado ni kubwa, tosheni ba inatakiwa itolewe na kufungwa upya ikiwa imesogezwa meno kadhaa, au ibadilishwe. Zimewekwa alama ya kushoto na kulia, wala hazibadilishani.

Nyuma hakuna nati ya kukaza. Presha ikiwa juu, unaongeza kipande cha kuinulia springi au unafunga springi mpya. Mpya ziwe za gari lenye AHC, au ngumu kidogo tu kuliko hizo. Ukifunga zile nzito za kubebea mzigo, utaangukia upande wa pili: presha itashuka mno, mafuta yatakuwa hayana kazi, na nyuma ya gari itakuwa inarukaruka.

Ile tabia ya taa kutulia siku mbili tatu baada ya kuzima na kuwasha inanifanya niitazame pia sensa ya nyuma. Iko moja tu, imekaa chini wazi, inakula tope na maji kila siku. Mkono wake una vifundo vidogo ambavyo vinashika kutu, na plagi yake huingia maji. Ichomoe plagi, angalia kama pini zina ukijani, safisha, kausha. Uchezeshe mkono kwa vidole: unatakiwa uteleze kwa ulaini bila kukwama. Sensa iliyokwama inaidanganya kompyuta kuhusu kimo, na hapo tena pampu inahangaishwa bure.

Haya yote yakiwa sawa, presha nzuri, sensa nzima, mafuta safi, na bado gari halipandi, sasa tuizungumzie pampu. Isikilize ikifanya kazi. Gari tupu lenye afya haliwezi kuchukua zaidi ya nusu dakika kwa kila hatua, L kwenda N au N kwenda H. Pampu ikinguruma muda mrefu na gari linapanda kwa kinyongo, kabla hujaagiza nyingine muulize fundi kama ameusafisha wavu mdogo wa kuchujia mafuta kwenye pampu. Machicha ya mafuta ya zamani hujikusanya hapo, na pampu iliyozibwa koo inafanana sana na pampu iliyokufa. Upepo ulioingia kwenye mfumo nao unaleta dalili hizohizo, hasa kama kuna wakati tangi liliachwa likakauka.

Kubadilisha mafuta ni kazi ya kutoa upepo kama kwenye breki, ila uzito wake ni mwingine. Kila gurudumu lina nati yake ya kutolea upepo, na ipo nyingine kwenye tangi la kuhifadhia presha. Unashusha gari L, unazima injini, unavalisha bomba la plastiki kwenye nati, unafungua taratibu, mafuta ya zamani yanaingia kwenye chupa. Unafunga, unajaza tangi, unawasha, unapandisha N, unaendelea na gurudumu linalofuata. Tangi lisikauke hata mara moja. Makopo mawili ya lita 2.5 yanatosha kwa raundi ya kwanza.

Zingatia hili, na fundi wako alisome kwa macho yake: presha ya karibu 7 MPa ni kama bar 70, wakati tairi lako lina bar mbili na kitu. Ukifungua ile nati gari linashuka mpaka linakaa kwenye mipira ya mwisho, ile inayozuia lisiendelee kushuka, kwa sekunde chache, bila kutoa mlio wa kukuonya. Mtu akiwa chini, hatoki. Stendi ziwekwe chini ya chesisi, si chini ya ekseli, kabla mtu hajaingiza hata mkono. Na kabla hujapiga jeki kwa sababu yoyote, hata kubadilisha tairi barabarani, weka gari N, bonyeza kile kitufe cha OFF, zima injini. Tufe nalo halifunguliwi mpaka presha ya gurudumu hilo iwe imetolewa yote.

Utaniuliza kama ni salama kuendelea kuliendesha kabla ya matengenezo. Ndiyo, kwa mwendo wa adabu. Wafaransa wa Citroën walipotoa DS mwaka 1955 walilibebesha gari zima kwa mafuta na gesi, bila springi ya chuma, na mafuta hayohayo yakaendesha na breki. Kule ukipoteza mafuta una sababu ya kuogopa. Toyota hawakufanya hivyo. Breki za VX yako hazina uhusiano na AHC, na chuma kipo chini kulishika gari. Epuka tu mzigo mzito na usilazimishe H wakati taa inamulika.

Sasa hilo la kung'oa. Sisemi ni dhambi. Silinda zote nne zikiwa zinavuja na mabomba yameoza, hesabu inaweza kukupeleka huko, na nitakuelewa. Ila likifanywa, lifanywe lote. Tosheni ba za gari lenye AHC ni laini kuliko za gari lisilo nayo, kwa sababu zilitengenezwa zikijua zina msaidizi. Nimeona magari yaliyofungwa shokapu mpya za bei kubwa huku tosheni ba ni zilezile. Pua inalala, matairi yanalika upande wa ndani, na mwenye gari analaumu shokapu. Kubadili maana yake ni tosheni ba, springi za nyuma na shokapu nne, pamoja na kuiridhisha kompyuta isikae inamulika. Piga hesabu ya hivyo vyote, linganisha na matufe manne na makopo mawili ya mafuta. Kwa gari ambalo bado halivuji, sijaona hesabu inayoipendelea njia ya kung'oa, na utakuwa umeutupa ulaini uliokufanya ulitamani gari hilo.

Kwa hiyo Jumamosi hii pima kimo mbele na nyuma, soma mistari ya tangi kwenye L na H kama litakubali, halafu Jumatatu lipeleke kwa fundi wa umeme akusomee presha mbili na kodi. Niandikie namba hizo pamoja na picha ya mafuta yalivyo kwenye tangi, na uniambie kama ulipolinunua lilikuwa limeshainuliwa. Nikiwa nazo nitakuambia nati zizungushwe mara ngapi, na kama matufe yanaweza kusubiri mpaka mwakani.